Waya wa Breki katika Wimbo wa Sita

Kura ilipigwa Jumapili mchana, ndani ya stoo ya kinu cha kusaga mahindi huko Matisi, na mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kunyosha mkono. Tulikuwa watatu. Wenzangu wawili walikuwa wameshanyosha, kwa hivyo hata ningeuacha mkono wangu mfukoni, uamuzi ungekuwa ule ule. Kwa muda mrefu nilijifariji kwa hesabu hiyo. Halafu siku moja nikiwa napiga mswaki nikaona kwamba hesabu yenyewe ndiyo inayonihukumu: kama mkono wangu haukuhitajika, mbona niliunyosha?

Tulikuwa bendi ya roki katika mji wa Kitale, mji wa mahindi na mbolea, ambako watu wengi waliotusikia waliuliza tumekasirishwa na nani. Mwimbaji wetu alikuwa fundi wa simu. Mpiga ngoma alikuwa mpwa wa mwenye kinu, na ndiyo sababu tulikuwa na mahali pa kufanyia mazoezi. Tulikutana Jumapili tu, kwa kuwa siku nyingine kinu kilipozunguka umeme ulipungua na amplifaya zikaanza kulia zenyewe kabla ya kuguswa. Mimi nilipiga bezi. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwaka uliotangulia, nimetuma barua za kuomba kazi mpaka karani wa posta akanizoea, na kwa sababu ya shahada hiyo isiyonipa chochote waliniita Profesa na kunifanya katibu.

Wa nne wetu ndiye aliyepigiwa kura. Yeye ndiye aliyekuwa mpiga gitaa la solo, na kusema kweli ndiye aliyetufanya tuwe bendi. Hakuwepo siku hiyo. Mama yake alikuwa ameanguka nyumbani kwao, nje kidogo ya mji wa Bungoma, akavunjika nyonga, akalazwa katika hospitali ya misheni Lugulu. Dada zake wote walikuwa wameolewa mbali. Kwa hivyo yeye ndiye aliyelala kwenye mkeka karibu na kitanda cha mama yake, akimpikia uji na kumfulia.

"Si tumemngoja vya kutosha?" mwimbaji alisema. "Hii ni wiki ya tano. Studio ya kurekodi albamu haitatungoja, bana."

"Lakini mama yake ameumia," nikasema.

"Mimi sijasema hajaumia. Mimi naongea juu ya gitaa."

"Na huyu msee wa Nairobi anataka kuingia ako na pedali ya gitaa," mpiga ngoma akaongeza. "Akikanyaga tu, inalia kama trekta inapanda mlima."

Kisha wakanyosha mikono, wakanitazama.

"Profesa, vipi? Ama unataka kwanza utuandikie ripoti?"

Nikanyosha.

Kwa kuwa nilikuwa katibu, nilipewa kazi ya kumjulisha. Usiku huo niliandika ujumbe kwenye simu. Wa kwanza ulikuwa mkavu kama barua ya shule. Wa pili ulianza kwa kumwuliza hali ya mama, nikaona ni ukatili kumwuliza mtu hali ya mama yake halafu kumfukuza katika ujumbe huo huo. Wa tatu ulikuwa mrefu mno. Nikajiambia jambo kama hili linafaa kusemwa kwa mdomo, si kwa simu, tena si wakati mtu yuko hospitalini. Yote hayo yalikuwa kweli, na kwa msaada wa ukweli huo sikumwambia kabisa.

Mpiga gitaa mpya alikuwa mtu mzuri. Hilo nalo liliniuma, maana ningependa awe na majivuno ili nimlaumu. Alikuwa na gitaa jekundu la umeme, vidole vyepesi, na adabu ya kuuliza kabla ya kubadilisha kitu. Nyimbo tano za kwanza alizipiga vizuri, mbili kati yake vizuri kuliko zilivyokuwa. Tatizo lilikuwa wimbo wa sita.

Wimbo huo ulihusu barabara ya kupanda Kapsokwony kwa pikipiki wakati wa mvua. Maneno yalikuwa ya kawaida, lakini gitaa lilikuwa ndiyo pikipiki yenyewe: lilikwaruza, likateleza, likashika tena. Popote tulipoupiga, hata katika shule ambako mwalimu mkuu alitukatia umeme, watu waliomba urudiwe. Albamu yetu bila wimbo huo ingekuwa nyimbo saba za vijana waliowahi kusikiliza redio.

Mpya alijaribu wiki mbili. Noti zote alizipata. Yule mwenye studio, chumba kimoja nyuma ya duka la kukodisha filamu, alivua vidude vyake vya masikioni akatutazama mmoja mmoja.

"Ndio hii ile wimbo mmekuwa mkiniambia? Mbona imekuwa kama tangazo ya sabuni?"

Tulijua kwamba yule wa zamani alikuwa na namna yake ya kufunga nyuzi kwa ajili ya wimbo huo, lakini kila mara alizifunga akiwa ametupa mgongo, na sisi hatukuwahi kuuliza. Alipokuwa wetu, tulidhani sauti ile nayo ni yetu.

"Profesa, enda Bungoma," mwimbaji aliniambia tulipotoka nje. "Nimesikia mama alitoka hospitali. Mjulie hali. Ukishamjulia hali, uliza huyo jamaa vile alikuwa anafunga hizo nyuzi."

"Na kama atauliza mbona nauliza?"

"Si anajua tulichukua mtu mwingine?"

Nikageuka kufunga mfuko wa bezi. Mwimbaji akashika kiuno.

"Wacha! Mpaka leo hujamwambia?"

"Nilikuwa natafuta wakati mzuri."

"Basi umeupata. Mwambie hapo hapo. Mwambie kwanza, halafu uulize."

"Ama uulize kwanza," mpiga ngoma akasema, "halafu umwambie ukiwa umesimama kwa mlango, viatu umevaa."

Niliondoka Kitale Jumamosi asubuhi nikiwa na mkate, sukari na mafuta ya kupikia, pamoja na sentensi tatu nilizokuwa nimezipanga na kuzikariri. Ya kwanza ilisema nimeletwa na jambo gumu. Ya pili ilisema jambo lenyewe. Ya tatu ilikuwa ya kuomba msamaha. Nilizirudia njia nzima, na kila niliporudia niliipunguzia ya pili makali, mpaka nilipofika Bungoma haikuwa inasema kitu.

Mama alikuwa ameketi nje kwenye kiti cha mbao, mkongojo umelazwa magotini. Aliponiona akanyosha mikono yote miwili.

"Mulembe, mwanangu! Si wewe ndio yule wa yunivasiti? Nilijua mtakuja. Nimekuwa nikimwambia huyu, hao ni watu wako, watakuja."

Mwanawe akatoka ndani, amekonda, anatabasamu mpaka nikaangalia chini. Akanishika mkono na kuutikisa bila kuuachia.

"Profesa! Ati umejileta mwenyewe Bungoma, na wewe huogopa hata kuvuka barabara?"

Nilijua nisipoanza wakati huo sitaanza tena. "Mama," nikasema, "kuna jambo limenileta."

Akainua kiganja. "Jambo gani na miguu bado ina vumbi? Hapa kwetu mgeni haongei maneno na tumbo tupu. Utakula kwanza. Jambo halitoroki."

Ndivyo ilivyo huko, na si kwake tu. Mgeni hutoa habari yake baada ya kushiba, na kumkatiza mwenyeji ni kumwambia chakula chake hakina maana. Nilikua nikiijua desturi hiyo, na ninakiri nilipoisikia siku hiyo nilifurahi. Kuku alikamatwa, akachinjwa, akachemka. Ilichukua saa mbili hivi. Kwa muda huo wote mama alinieleza jinsi mwanawe alivyomgeuza kitandani, jinsi alivyobishana na wauguzi juu ya blanketi, jinsi wanawake wa wodi nzima walivyomwonea wivu. Kila neno liliongeza uzito wa ile sentensi ya pili.

Ugali wa wimbi ulipowekwa mezani, na bakuli la kuku mbele yangu kwa heshima ya mgeni, mama akafumba macho kuomba. Nilidhani atabariki chakula. Alianza na chakula, kisha akaendelea.

"Baba, wewe unajua vile nililia kule Lugulu. Nilisema mguu wangu umeharibia mtoto kazi yake. Nilisema watamtupa kwa sababu yangu. Lakini hawakumtupa mwenzao. Leo umemtuma huyu kijana aje amchukue, wakamalize ile kazi yao. Nakushukuru, Baba, umeniondolea mzigo. Ni katika jina la Yesu."

Nilifumbua macho. Mwenzangu alikuwa bado amefumba yake. Nadhani nilikuwa na muda wa pumzi moja. Ningeweza kukaa kimya, lakini kimya mwisho wa maombi ni jibu. Ningeweza kusema, "Mama, samahani." Badala yake nilisema "Amina," na kwa sababu niliogopa itasikika ya uongo, niliisema kwa sauti kubwa kuliko wao wote wawili.

Baada ya hapo sentensi zangu tatu hazikuwa na mahali pa kukaa. Nilikula. Niliongezewa, nikala tena.

Alasiri mwenzangu alitoa gitaa lake lililofungwa kwa karatasi ya nailoni juu ya kabati. Nikamwuliza kama mtu anayeuliza tu, "Ule wimbo wa Kapsokwony, kwani huwa unafunga vipi nyuzi?"

"Mimi nilijua tu mtauliza siku moja!" Akacheka. "Miaka yote mnajifanya hamtaki kujua."

Akanionyesha. Uzi wa tatu haukuwa uzi wa gitaa. Ulikuwa unywele mmoja wa waya wa breki ya baiskeli, alioutoa katikati ya ile kamba ya nyuzi zilizosokotwa, akausugua kwa mafuta ya taa. Aliulegeza hadi ukawa karibu kulala, ukilia sawa na wa nne, na kwa sababu ya ulegevu huo uligonga vyuma vya shingo ya gitaa kila ulipopigwa. Babu yake alipiga litungu, kile chombo cha nyuzi cha Wabukusu, na yeye alitaka gitaa likwaruze kama litungu la babu.

"Usiushushe sana, utakufa," akasema. "Uwache ugonge kidogo tu, kama nyuki kwa mkebe."

Kisha akachomoa waya mwingine kutoka kwenye kipande cha breki alichokuwa ameweka akiba, akauviringisha, akaufunga kwa gazeti na kunitilia mfukoni mwa shati. "Beba hii. Tukivunja ule mwingine studio, tusikose. Mnanitaka siku gani?"

"Nitakupigia," nikasema.

Wimbo ulirekodiwa Jumatano iliyofuata. Mpya alifunga waya ule kwenye gitaa lake jekundu, akausikiliza, akaniuliza, "Lakini huyu jamaa hatasikia vibaya?" Nikamwambia hapana. Mwimbaji akauliza alisemaje juu ya kura, nikasema alielewa. Nilisema hivyo nikiwa nimeinamia bezi kana kwamba naitafuta noti. Tulipiga mara mbili tu, na mwenye studio akatoa vidude masikioni akatikisa kichwa kwa furaha. Ulikuwa mzuri. Hata leo siwezi kusema haukuwa mzuri.

Yule wa Bungoma alinipigia simu wiki hiyo. Niliishika kiganjani ikiwaka na kutetemeka, nikaitazama mpaka ikanyamaza. Alipiga tena siku mbili baadaye, na mara ya tatu siku ya soko. Mara hiyo ya tatu nilikuwa nimeandika kwenye karatasi nitakalosema, na nilipomaliza kulisoma simu ilikuwa imeshanyamaza.

Ilipofika wakati wa kuandika maneno ya kasha la albamu, kazi hiyo nayo ilikuwa yangu. Niliandika mstari mmoja wa kumshukuru. Niliubadilisha siku tatu: kama nitasema "aliyekuwa mpiga gitaa wetu" nitakuwa nimetangaza kura, kama nitasema "rafiki yetu" nitakuwa nimedanganya. Mwimbaji akaupitia akiwa anafungua simu ya mtu. "Toa hii. Watu wataanza kuuliza." Nikautoa. Kasha lilitoka na majina manne, na gitaa la nyimbo zote nane likaandikwa la mpya.

Kituo kimoja cha redio kilianza kupiga wimbo wa sita. Juma la pili nikapata ujumbe kutoka Bungoma: "Nimeskia wimbo kwa kinyozi. Waya umekaa poa." Hakukuwa na kitu kingine. Niliutafuta ukali ndani ya maneno hayo, nikayasoma kama mtu anayesoma mtihani, nikijaribu kila neno liwe tusi. Nisingeumia sana kama lingekuwepo.

Ilikuwa karibu na mwisho wa mwaka nilipokwenda tena, bila kutumwa na mtu. Nilibeba sidii moja ya albamu. Sikuwa na sentensi zozote, maana nilishaona zinanifikisha wapi. Nilitaka kumwomba msamaha, na nilitaka kusikia akinitukana.

Hakuwepo. Alikuwa anaendesha pikipiki ya mtu huko milimani, akipandisha abiria Kapsokwony, na huwa harudi kabla ya jioni. Mama alikuwa amekaa nje akichambua maharagwe kwenye ungo. Alikuwa anatembea sasa, kwa fimbo. Hakuninyoshea mikono kama mara ya kwanza. Alionekana kama anayetafuta pa kuelekeza macho.

"Kaa, mwanangu. Mimi nimekuwa na aibu hata ya kukutana na nyinyi."

"Aibu gani, mama?"

"Si ulikuja hapa ukamwita? Nikakupikia, tukaomba vizuri. Halafu huyu akakataa. Ati amewachoka. Ati hiyo muziki ni ya watoto, yeye anataka kazi ya maana. Nimemgombeza mpaka sauti ikaisha. Mtu anaitwa na wenzake, anaringa! Mtusamehe. Hivyo sivyo nilimlea."

Kwa kawaida ningefikiria. Ningepima kunyamaza, nipime kusema nusu. Lakini mama mzee alikuwa ananiomba msamaha, na nikahisi nikinyamaza sekunde moja zaidi nitakuwa nimeupokea. Kwa mara ya kwanza maishani nilisema kabla ya kufikiri. Nilimweleza kura. Nilimweleza kwamba sikuja kumwita mwanawe bali kuchukua siri ya nyuzi zake, kwamba simu zake sikuzishika, kwamba hakuringa, hakukataa lolote, hakuna aliyemwita. Nilisema kwa haraka, na nilipokuwa nikisema nilijisikia mwepesi. Hilo ndilo linalonitia aibu zaidi, wepesi ule.

Vidole vyake viliendelea kutafuta mawe kwenye maharagwe.

"Hiyo kura," akasema, "mlipiga lini?"

"Kitambo, mama. Wakati wa palizi."

"Nilikuwa nyumbani, ama nilikuwa Lugulu?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Niliona anakoelekea kama mtu anavyoona kikombe kikiwa tayari kimeanguka kutoka mezani. Lakini nilikuwa nimeahidi moyoni kusema kweli.

"Ulikuwa Lugulu."

Vidole vikasimama. Akautazama mguu wake, ule uliovunjika, kama anautazama mtu aliyeketi karibu naye. Mwanawe alikuwa ameyajua yote haya, pengine tangu simu ya tatu, na alikuwa amemtafutia mama yake hadithi ambayo ndani yake mguu hauna kosa. Alikubali kuitwa mwenye kiburi, kugombezwa kila jioni akirudi kutoka milimani, ili mama asijue kwamba kile alichokiogopa kule wodini ndicho kilichotokea. Mimi nilikuja na ukweli wangu nikaibomoa kazi hiyo mchana mmoja, tena kwa ajili ya kupumua vizuri.

"Mama, samahani," nikasema. "Sikujua."

"Ulijua nini wewe?" Hakusema kwa hasira. Aliuliza kama anataka kweli kujua.

Baadaye akafuta macho kwa upindo wa leso, akauvuta ungo karibu.

"Usimwambie umeniambia. Unasikia? Akirudi nitamgombeza vile amezoea. Nikiacha, atajua." Kisha akaona nilichoshika. "Na hiyo ni nini?"

"Ni ile albamu."

"Enda nayo. Akiipata hapa atauliza nani ameileta." Akanyosha fimbo kuelekea mashambani. "Usipite barabara kubwa. Yeye huja na hiyo. Pita hapa chini, utatokea kwa daraja."

Hakunikaribisha chakula. Niliaga, akaitikia. Nilishuka njia ya chini kati ya mahindi yaliyokauka, na kabla sijafika darajani nikasikia pikipiki juu barabarani, ikipunguza mwendo kwenye kona ya kwao. Huenda haikuwa yake. Pikipiki zilikuwa nyingi. Lakini niliingia ndani ya mahindi ya watu, mimi mtu mzima mwenye shahada, nikachuchumaa na albamu yetu kifuani, nikakaa hivyo hadi mlio wake ukazimika.